Siakago Ni Karibu

Makubaliano yalikuwa kwamba baba yake mtoto angekuja kumchukua Jumatatu ya Pasaka, baada ya chakula cha mchana. Hakuna aliyetulazimisha. Mwaka uliotangulia alikuwa amekuja na wazee wawili wa kwao, wakaketi sebuleni kwa mama yangu, wakanywa chai, wakazungumza kwa upole, na mwishowe mama akasema kwamba mtoto mwenye mzazi aliye hai na mwenye akili timamu anastahili kulelewa naye. Mimi na mke wangu tulitikisa vichwa kukubali. Nakumbuka nilikubali upesi, kwa kuogopa kwamba nikikawia sauti haitatoka.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa dada yangu mdogo. Dada alifariki mtoto akiwa bado wa kunyonya. Alikuwa akifanya kazi katika duka la dawa mjini Embu, na presha iliyomshika akiwa mjamzito haikumwachilia hata baada ya kujifungua. Mwanamume aliyekuwa akiishi naye alikuwa kijana tu, fundi wa pampu za visima, leo yuko Isiolo, kesho yuko Garissa. Siku ya mazishi alisimama kando ya kaburi ameshika chupa ya maziwa ya mtoto, asijue ampe nani. Mke wangu ndiye aliyenyoosha mkono akaichukua. Ndivyo mtoto alivyokuja kwetu Kanyakine, bila kikao wala mjadala.

Sisi tulidhani tumemaliza kulea. Mwana wetu mkubwa alikuwa ameshapata kazi Mombasa, mdogo yuko shule ya bweni. Mimi ni karani katika kiwanda cha kahawa cha wakulima wa huku kwetu, na mke wangu ndiye anayeendesha shamba: kahawa kidogo, migomba, makadamia kwenye mpaka, maharagwe na mahindi panapobaki nafasi, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mvi zilikuwa zimeanza kuniota. Halafu ghafla nyumba ikajaa nepi na kilio, nikajikuta nazunguka uani na mtoto begani nikimwimbia nyimbo za kanisa, kwa sababu za watoto nilikuwa nimezisahau zote.

Alipoanza kusema aliniita baba, na mke wangu akamwita mama. Hatukumfundisha, na hatukumkataza. Alipofika umri wa kuelewa tulimkalisha tukamweleza ukweli wote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama sasa anaweza kwenda kucheza.

Baba yake alianza kuja kumwona tena mtoto alipokuwa chekechea. Mara ya kwanza alileta gunia la maembe kutoka kwao Siakago, na tangu siku hiyo mtoto akawa anamwita "baba wa maembe." Alikuwa ameoa, amejenga nyumba, amepata kazi ya kudumu isiyomtoa mbali na nyumbani, na alikuwa na mtoto wa kiume mdogo. Nilimchunguza sana mtu huyo. Nilitamani nimkute na harufu ya pombe, au nimsikie akimfokea mkewe kwenye simu, nipate la kushikilia. Sikupata. Kila alipokuja alimsaidia mke wangu kukata majani ya ng'ombe bila kuombwa.

Basi Ijumaa Kuu ikafika. Mpango wangu nilikuwa nimeupanga kichwani kwa wiki nzima: siku zote nne tutembee. Nimpeleke Nkubu, nimpeleke Meru mjini, nimpeleke mahali pa ikweta akapige picha, twende mtoni, tule chipsi. Nilimweleza mke wangu asubuhi hiyo akiwa anakamua. Hakugeuka.

"Leo tunapalilia maharagwe," alisema.

"Mama, maharagwe si yatangoja? Mtoto anaondoka."

"Najua anaondoka."

"Sasa anaondoka akiwa ameshika jembe?"

Aliacha kukamua. Aliweka ndoo pembeni, mahali ambapo ng'ombe hawezi kuipiga teke, akanitazama. "Nataka akumbuke hapa kama nyumbani," alisema. "Wewe unataka akumbuke sikukuu. Sikukuu hata kule atazipata. Kupalilia maharagwe na mimi atakupata wapi?"

Nikaenda kutafuta majembe.

Tulipalilia sote watatu. Mtoto alikuwa na kijembe chake, mpini tulikuwa tumeukata ukawa mfupi, na gambuti za mpira za rangi ya waridi ambazo zilikuwa zimeanza kumbana vidole. Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza vizuri mwaka huo, udongo unashikamana na jembe, na kila baada ya hatua chache ilibidi kuukwangua kwa kijiti. Yeye aliongea muda wote. Aliuliza kama Siakago kuna ng'ombe. Mke wangu alimwambia kuna mbuzi wengi. Aliuliza kama mbuzi hukamuliwa. Aliuliza kama yule mdogo wake anajua kuhesabu, na kama hajui, ni nani atakayemfundisha. "Ni wewe," mke wangu alisema, na mtoto akafurahi sana kwa jibu hilo, akaanza pale pale kuhesabu mashina ya maharagwe kwa sauti ya mwalimu.

Kila mche wa mchicha aliokutana nao katikati ya mistari aliuacha. Mke wangu ni mkali sana kwa magugu, na kwa kawaida angesema mchicha unakula mbolea ya maharagwe. Siku hiyo alipita nyuma ya mtoto, akaiona ile michicha imesimama, naye akaizunguka kwa jembe mmoja mmoja.

Saa nane mvua ikatufukuza shambani. Tulikuwa tumeanza kula muthere, mahindi na maharagwe ya sufuria moja kama tunavyokula siku nyingi, simu ya mke wangu ikalia. Alikuwa mama wa Siakago, mke wa baba yake mtoto. Mke wangu akatoka na simu hadi kibarazani. Mimi nikajifanya naenda kumwangalia ng'ombe, nikasimama kwenye banda mahali ambapo ningeweza kusikia.

"Mayai ya kuchemsha hali," mke wangu alikuwa akisema. "Ya kukaanga anakula vizuri. Ndiyo. Maziwa anakunywa, lakini utando uutoe, akiuona atatapika... Hapana, haogopi mbwa. Anaogopa bata." Alinyamaza, akasikiliza. "Nywele usimsuke kwa kukaza sana hapa mbele, ngozi yake huvimba. Akiwa na homa utajua, huongea sana kuliko kawaida. Watu hudhani amechangamka, kumbe ni homa." Tena kimya. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha kweli. "Eeh, hilo pia atakuuliza. Mwambie tu ukweli. Ukimdanganya anajua."

Walizungumza mpaka mvua ikapungua. Sauti yake haikuyumba hata mara moja. Alipomaliza aliniona bandani, akajua nilikuwa nasikiliza. Alichukua jembe lake akarudi shambani peke yake, manyunyu yakiendelea, akapalilia sehemu iliyobaki mpaka giza lilipoanza kuingia. Nilimchungulia mara kadhaa. Sikuenda. Tumeishi pamoja muda mrefu, najua ni wakati gani anataka mtu na ni wakati gani hataki.

Jumamosi alinipa ruhusa. "Mpeleke unakotaka," alisema. "Mimi nitamwoshea nguo." Lakini tulipokuwa tunatoka, mtoto ameshakalia tangi la pikipiki, mke wangu alivua aproni, akafunga kitambaa kichwani, akapanda nyuma yangu. Tukaenda hivyo watatu, polepole, nikikwepa madimbwi.

Nkubu tulimnunulia viatu vya shule. Muuzaji alimwambia achague vilivyozidi kidogo, mguu unakua, na mke wangu akaingiza kidole kwenye kisigino kupima nafasi iliyobaki, akasema hivi vitafika Krismasi. Baada ya kusema hivyo akakitoa kidole. Krismasi mtu mwingine ndiye angepima.

Mtoto alitaka kumnunulia mdogo wake zawadi. Hakuwa amewahi kuishi na mtoto huyo hata siku moja, walionana mara chache tu alipoletwa kwetu kutembea, lakini alikuwa tayari anasema "mdogo wangu" kwa majivuno. Alizunguka vibanda vyote vya vitu vya plastiki kabla ya kuchagua lori la buluu lenye magurudumu mekundu. Njia nzima alilikumbatia, hakukubali nilifunge kwenye keria.

Pale ikweta, barabara ya kwenda Meru, kuna kibao ambacho watu hupigia picha, na siku hiyo kulikuwa na mwanamume mwenye ndoo, jagi na bakuli lenye tundu, anawaonyesha wageni jinsi maji yanavyozunguka upande huu na jinsi yanavyozunguka upande ule. Mimi nimepita hapo maisha yangu yote na sikuwahi kusimama. Mtoto alimfanya yule bwana arudie mpaka akacheka na kusema huyu atakuwa mhandisi.

Nilimwambia asimame, mguu mmoja huku na mwingine kule, nikampiga picha na simu. Amevaa sweta ya shule, lori kwapani, macho ameyafumba kidogo kwa jua.

"Baba, Siakago iko upande gani?" aliuliza.

"Upande ule tuliotoka."

"Na nyumbani?"

"Pia upande ule."

"Ah," alisema. "Basi ni karibu."

"Ni karibu," nilisema.

Kila mtu alikuwa ametuambia hivyo. Majirani, watu wa kanisa, wenzangu kiwandani. Siakago ni karibu, ni kushuka tu, si kama amepelekwa ng'ambo, mtakuwa mnatembeleana. Wengine waliongeza kwamba hata hivyo sisi tuna watoto wetu. Walisema kwa wema, na mimi niliwashukuru. Lakini nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba umbali niliokuwa nauogopa haukuwa wa barabara.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, mkoba mapajani. Nilimwita aje tupige picha ya pamoja. Alikataa kwa mkono. Nilimwita tena. Akaja, akasimama nyuma ya mtoto, akaweka mikono yote miwili juu ya mabega yake. Yule bwana wa ndoo alitupiga picha. Ninayo mpaka leo, na ndani yake sote tunatabasamu.

Jumapili tulienda kanisani, na baada ya ibada tukapita kwa mama yangu kwa chakula. Ni mwendo mfupi kutoka kwetu. Mama ana umri mkubwa sasa, anatembea na fimbo, lakini bado anaamuru. Tulipomaliza kula alisema tuchukue panga na jembe, twende tukasafishe kaburi la dada.

Dada amezikwa nyuma ya migomba. Majani yalikuwa yameota marefu kwa sababu ya mvua. Mtoto aliwahi kupelekwa hapo mara nyingi, hapakumtisha. Alipiga magoti kwenye udongo na nguo yake ya Pasaka akaanza kung'oa magugu, na hakuna aliyemwambia atachafuka.

"Shosho," alimwambia nyanya yake, "mama yangu huyu alikuwa anapenda nini?"

Nilitaka kumjibu mimi. Nilifikiri haraka na sikupata kitu. Nilimkumbuka dada akiwa mgonjwa, nilimkumbuka akiwa jenezani, lakini alichokipenda siku ya kawaida kilikuwa kimenitoroka.

"Alipenda kulala," mama yangu alisema.

Mtoto alicheka. "Kulala tu?"

"Kulala sana. Ukimtuma maji unamkuta amelala njiani chini ya mti, mtungi uko kando. Na akiamka anasema alikuwa anafikiri."

Hata mke wangu alicheka. Mtoto akauliza mengine, kama alijua kuogelea, kama alikuwa mrefu, na mama akayajibu yote, akiwa ameegemea fimbo. Kisha mtoto akakimbia kwenda kutafuta maua ya kupanda. Ndipo nikasema lile lililokuwa limenikaa kooni tangu Ijumaa.

"Mama, tungeweza kumwomba baba yake angoje mwaka mmoja zaidi. Mtoto amalize darasa hili. Si mtu mbaya, atakubali."

Mama alinigeukia. "Na mwaka ukiisha?"

Nikafuta panga kwa majani.

"Mlimchukua msiba ukiwa mbichi," alisema, sasa akizungumza Kimeru, kama afanyavyo anapotaka jambo lisisikike vingine. "Mkalia naye, mkacheka naye. Hata mimi. Nikimwona anatembea namwona mwanangu. Lakini mtoto huyu hakuzaliwa ili awe dawa yetu. Ana baba yake, na baba yake anamtaka. Kuna wangapi wanaotakiwa na baba zao?"

Mke wangu alikuwa ameinama, anang'oa nyasi ambazo tayari zilikuwa zimeisha. Mama akapiga hatua mbili, akaweka mkono mgongoni pake, akauacha hapo. Hapo ndipo mke wangu alipolia, mara ya kwanza na ya mwisho kwa siku zile nne, bila sauti, uso ukitazama udongo. Tulipomsikia mtoto anarudi alijifuta kwa kiwiko na kusema moshi wa jikoni ulimwingia machoni. Jiko lilikuwa mbali sana na hapo. Mtoto hakuuliza. Alichimba mashimo madogo, akapanda maua yake, akatuagiza tuyamwagilie.

Jumatatu mke wangu aliamka akapika kama mtu anayengoja harusi. Kuku, chapati, mukimo wa viazi vya kupondwa, mboga za aina mbili. Mimi nilifagia uani, nikakata nepia ya kumlisha ng'ombe siku mbili, nikaosha banda. Nilitafuta kazi mpaka zikaisha. Begi la mtoto lilikuwa mlangoni, na juu yake lori la buluu.

Walikuja na pikapu ya kuazima, baba, mkewe na yule mvulana mdogo. Walileta ndengu za shambani kwao na asali, na wakaomba radhi kwamba msimu wa maembe umekwisha. Mama wa Siakago alikuwa mwanamke mwembamba, kijana, mwenye haya. Alimsalimu mke wangu kwa mikono miwili, akasahau kumwachilia. Sikuwa nimefikiria kwamba siku hiyo kulikuwa na mtu mwingine mwenye hofu.

Mtoto alimpa mdogo wake lori, kisha akamshika mkono akampeleka kuona kila kitu: ng'ombe, kuku, mahali anapojificha nyoka (hakuna nyoka), mti wa makadamia anaoweza kuupanda na ule asioweza. Sauti yake ilisikika uani kote. Wakati wa kula aliketi kati ya baba yake na mimi, akala mapaja mawili ya kuku.

Baada ya chakula baba yake alinifuata bandani. Alisimama akimpapasa ng'ombe shingo.

"Shemeji," alisema, "sikumwacha kwa kutompenda."

"Najua."

"Siku ile ya mazishi, ningemchukua ningempeleka wapi? Nilikuwa nalala kwenye mahema ya kazi."

"Najua, shemeji. Hakuna anayekulaumu."

"Sijui nitawalipa nini nyinyi watu." Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima. "Nimejifunza kumwita kwa jina lake peke yangu ndani ya nyumba, ili nikimwita lisisikike geni."

Nilitaka kumchukia hata kwa dakika moja. Nilimshika bega tu. Nilimwambia mtoto akikohoa wakati wa baridi apakwe mafuta kifuani na kuvalishwa soksi, na yeye akaitikia kila neno, ingawa sote tulijua huko kwao hakuna baridi ya kumkohoza mtu.

Mama yangu, aliyekuwa amefika kumuaga mtoto, aliomba, akiwa ameweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Maombi yalikuwa mafupi, jambo ambalo si la kawaida kwake. Kisha tukaelekea kwenye pikapu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumtuliza, nimeyarudia kichwani. Hayakuhitajika. Alimkumbatia mke wangu, akanikumbatia mimi, akasema "Kwaherini" kama anayetumwa dukani, akapanda akakaa katikati karibu na mdogo wake. Gari lilipoanza kushuka nilimwona kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa ameinamisha kichwa, anamwonyesha yule mvulana kitu kiganjani. Hakugeuka.

Tulisimama mpaka mlio wa gari ukaisha bondeni.

"Ni vizuri," mke wangu alisema. "Asingeenda hivyo kama tungekuwa tumemlea vibaya."

Alisema kweli, na haikunisaidia hata kidogo. Mvua ikaanza. Tukaingia ndani tukaosha vyombo vyote, yeye akisugua, mimi nikisuuza, na vilipoisha akavitoa vile vya kabatini ambavyo havikuwa vimetumika, navyo tukaviosha.

Wiki zilizofuata sikuwa mtu wa maana. Kiwandani nilikosea kuandika uzito wa kahawa za watu mpaka meneja akanituma nyumbani nikapumzike. Nyumbani nilimkuta mke wangu ameng'oa nusu ya migomba ya zamani na anapanda mipya, kazi ambayo hatukuwa tumeipanga. Nikavua koti nikachimba mashimo pamoja naye. Mwana wetu wa Mombasa alipiga simu, akasema, "Baba, si ni karibu tu, shuka ukamwone." Nikasema nitashuka.

Hatukushuka upesi. Tuliogopa kumvuruga. Alikuwa akitupigia kwa simu ya mama wa Siakago, mwanzoni kila jioni, baadaye Jumapili. Alituambia habari za shule, za mbuzi aliyezaa mapacha, za joto. Siku moja mwezi wa Juni nikashika simu, nikasikia kelele za watoto nyuma yake, na yeye akasema, "Haloo, anko." Pengine watoto wa shule walikuwa wamemsahihisha. Pengine alikuwa amejitafutia njia ya kuwatenganisha baba wawili. Nikaitika. Tukaongea kuhusu mbuzi. Mke wangu akauliza anasemaje, nikamwambia anasema hawajambo.

Agosti, shule zilipofungwa, wakamleta akae nasi siku chache. Alikuwa amerefuka na amekuwa mweusi zaidi kwa jua la kule, na katikati ya Kiswahili chake maneno ya Kimbeere, lugha ya kwao Siakago, yalikuwa yanaingia. Mara moja alikimbia kila mahali. Gambuti hazikumwingia tena, basi alikwenda pekupeku.

Siku ya pili, alasiri, mimi na mke wangu tulikuwa tunakata nepia kwenye mteremko wa chini. Mtoto alikuwa anashuka kwa kukimbia kuja kwetu, akateleza, akaanguka juu ya kisiki cha nepia iliyokatwa. Goti lilichanika. Alipiga kelele, "Mama! Mama!"

Mke wangu alitupa panga. Sijawahi kumwona akikimbia vile, mwanamke wa umri wake, akipanda mlima. Alimfikia kabla yangu, akamwinua, akamkalisha mapajani, akafunga goti kwa kitambaa alichokitoa kichwani. "Niko hapa," alikuwa akimwambia. "Mama yuko hapa, pole, pole."

Mtoto alilia zaidi. Alikuwa anasukuma, si kwa nguvu, kwa kiganja tu, kifuani pa mke wangu. "Hapana," alisema. "Namtaka mama."

Nilikuwa nimefika, nimesimama hapo nahema. Niliona uso wa mke wangu ukielewa. Ulikuwa ni muda mdogo sana, kama wa kumeza mate. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa simu, akaifuta majani kwa kidole gumba, akapiga.

"Mama wa Siakago, habari?" alisema. "Hapana, si kitu kikubwa, ameanguka kidogo, goti. Anakutaka. Ongea naye."

Akamwekea mtoto simu sikioni na kuishikilia hapo. Upande wa pili sauti ilianza kusema, kwa Kimbeere, polepole, na mtoto akaendelea kulia, kisha akalia kidogo, kisha akaanza kueleza jinsi alivyoanguka. Mazungumzo yalikuwa marefu. Mkono wa mke wangu ulianza kuchoka, nikauona unashuka, nikainama nikataka kuishika simu mimi. Akatikisa kichwa. Akaihamishia mkono wa pili, akaendelea kumshikilia.